Presha ya Damu na Presha ya Macho: Jina Moja, Magonjwa Mawili

Hapa Rujewa, kama ilivyo katika vijiji vingine vya bonde la Usangu, kuanzia Igawa na Ubaruku hadi Chimala na Igurusi, neno "presha" halihitaji kufafanuliwa. Mtu akisema ana presha, jirani anaelewa kuwa damu yake inasukumwa kwa nguvu kupita kiasi. Wapo wanaotofautisha presha ya kupanda na presha ya kushuka, na familia nyingi zina mzee anayemeza vidonge vya presha kila siku. Lakini neno hilohilo hutumika pia katika kliniki ya macho. Mgonjwa aliyepimwa huambiwa kuwa ana "presha ya macho", na jina hilo la pili ndilo linaloleta mkanganyiko ambao unaweza kumgharimu mtu uwezo wake wa kuona.

Mkanganyiko huo una sura tatu. Wa kwanza husema: "Mimi nameza dawa za presha, kwa hiyo macho yangu nayo yanatibiwa." Wa pili husema: "Nilipimwa presha zahanati nikaambiwa iko sawa, kwa hiyo macho yangu ni mazima." Wa tatu, aliyekwisha kuambiwa kuwa presha ni adui, huamini kuwa kadiri inavyoshushwa ndivyo macho yanavyopona. Wote watatu wamekosea, kila mmoja kwa namna yake. Katika makala haya tumeona vema kueleza presha hizi mbili ni nini, zinatofautiana wapi, zinakutana wapi, na kwa nini anayeugua moja imempasa kumweleza daktari habari za nyingine.

Presha ya macho ni nini?

Sehemu ya mbele ya jicho hujaa maji maangavu yanayotengenezwa ndani ya jicho lenyewe, mchana na usiku. Maji hayo si machozi. Machozi huosha uso wa jicho kwa nje. Maji haya hulisha sehemu za ndani na kulifanya jicho lidumu katika umbo lake. Baada ya kufanya kazi hiyo, hutoka kupitia vijitundu vyembamba mno vilivyo kwenye pembe, mahali ambapo kioo cha mbele cha jicho hukutana na ile sehemu yenye rangi, kisha huingia katika mishipa ya damu.

Mkulima wa mpunga ataelewa jambo hili kwa wepesi. Jaruba lina mahali pa kuingizia maji na mahali pa kutolea. Pa kutolea pakiziba huku maji yakiendelea kuingia, kina hupanda na kingo huelemewa. Ndivyo ilivyo katika jicho: vijitundu vikishindwa kupitisha maji ipasavyo, nguvu ya maji ndani ya jicho huongezeka. Nguvu hiyo ndiyo presha ya macho. Hupimwa kwa milimita za zebaki, sawa na presha ya damu, ila viwango vyake ni tofauti kabisa. Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, wakati damu mkononi husomeka takriban 120 kwa 80. Kwa hiyo mashine inayofungwa mkononi haiwezi kamwe kueleza hali ya jicho. Jicho lina kifaa chake cha kupimia.

Nyuma ya jicho hutoka mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo umefumwa kwa nyuzi zipatazo milioni moja. Nyuzi hizo zinapokufa kidogo kidogo, ugonjwa huo huitwa glakoma. Presha kubwa ya jicho ndicho chanzo kikuu kinachojulikana, na kuishusha ndiyo tiba iliyothibitishwa. Hata hivyo presha ya macho na glakoma si kitu kimoja. Wapo watu wenye kipimo kilichozidi 21 ambao mshipa wao wa fahamu ni mzima, na wapo wengine ambao mshipa wao unaharibika ilhali kipimo kiko katika kiwango cha kawaida. Kundi hili la pili ndilo lililowafanya wataalamu waulize kama damu nayo haina sehemu yake katika ugonjwa huu.

Mwizi asiyepiga hodi

Glakoma iliyoenea zaidi katika nchi yetu, ile ya pembe wazi, haiumi, haiwashi wala hailifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kwa kula pembe za uwezo wa kuona, na kuacha sehemu ya katikati ikiwa safi hadi mwishoni. Mgonjwa huendelea kusoma misale, kumtambua mjukuu wake mlangoni na kuchambua mchele. Wakati huohuo huanza kujikwaa kwenye kingo za majaruba, kugonga bega kwenye mhimili wa mlango, au kushtushwa na bodaboda iliyotokea ubavuni pasipo yeye kuiona. Kwa kuwa macho mawili husaidiana, jicho moja linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nuru yake bila mwenyewe kutambua.

Hapa pana tofauti kubwa na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Daktari huiondoa lenzi hiyo kwa upasuaji, akaweka nyingine, na mgonjwa akaona tena. Furaha ya mzee aliyerudi kutoka hospitali akiona imewafanya wengi waamini kuwa kila upofu wa uzeeni unaweza kusubiri siku ya upasuaji. Glakoma haisubiri. Nyuzi za mshipa wa fahamu zikifa hazioti tena, na hakuna upasuaji, matone wala miwani inayozirudisha. Tiba hulinda kilichobaki tu. Kwa sababu hiyo, mwaka mmoja wa kuchelewa ni hasara isiyofidiwa.

Ipo pia aina ya glakoma inayokuja kwa kishindo, pale pembe ya jicho inapoziba ghafla. Hiyo huleta maumivu makali ya jicho na kichwa, jicho jekundu, kichefuchefu au kutapika, na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Mwenye dalili hizo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa ileile.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani kwetu?

Tanzania ina bahati ya kuwa na moja ya tafiti zinazotajwa mara nyingi duniani kuhusu glakoma ya vijijini Afrika. Ulifanyika wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, katika vijiji sita, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000. Watafiti waliwapima watu 3,268 wenye umri wa zaidi ya miaka 40. Waliokutwa na glakoma walikuwa asilimia 4.16, na wengi wao walikuwa na ile ya pembe wazi, ambayo peke yake ilifikia asilimia 3.1. Kwa lugha nyepesi, kati ya kila watu 100 wa umri huo, wanne walikuwa nayo. Kama kiwango kingekuwa hichohicho kwetu, parokia yenye waamini 500 waliovuka miaka 40 ingekuwa na wagonjwa wapatao 20.

Tafiti za nje zinaonyesha kuwa asili yetu nayo ina uzito. Katika mji wa Baltimore, Marekani, watafiti waliripoti mwaka 1991 kuwa Wamarekani weusi waliugua glakoma ya pembe wazi mara nne hadi tano zaidi ya weupe. Umri mkubwa huongeza hatari, na kuwa na mzazi, kaka au dada mwenye glakoma huiongeza zaidi.

Kwa upande wa presha ya damu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na presha ya damu iliyo juu. Tukiweka tarakimu hizi mbili pamoja, si ajabu kuwakuta wazee wengi wenye magonjwa yote mawili. Wengine wanajua moja tu.

Presha hizi mbili zinakutana wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba, tofauti na wengi wanavyodhani, presha ya damu haiisukumi sana presha ya jicho. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kuwa damu inapopanda kwa vipimo 10, presha ya jicho hupanda kwa takriban robo ya kipimo kimoja tu. Uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa wenye presha ya juu ya damu wana hatari iliyoongezeka kidogo ya kupata glakoma ya pembe wazi. Uhusiano upo, lakini si ule wa maji ya ndoo moja kumiminwa katika nyingine. Ndiyo maana mtu mwenye damu ya 120 kwa 80 anaweza kuwa na glakoma kali, na mwenye damu ya 180 kwa 110 akawa hana.

Jibu la pili ndilo lenye uzito. Mshipa wa fahamu wa jicho ni kiungo hai. Unahitaji damu ili upate hewa na chakula. Damu hiyo lazima iingie ndani ya jicho ambalo tayari lina presha yake. Hebu turudi shambani. Maji ya mfereji huingia katika jaruba kwa sababu kina cha mfereji kimezidi kina cha jaruba. Jaruba likijaa mno, maji hayaingii. Mfereji nao ukipungua mno, maji hayaingii vilevile, na wa kwanza kukosa ni yule mwenye jaruba la mkiani, mbali na chanzo. Mshipa wa fahamu wa jicho ni kama jaruba hilo la mkiani. Kinachoufikia hutegemea tofauti kati ya nguvu ya damu inayokuja na presha ya jicho inayoizuia.

Tutoe mfano wa hesabu. Mtu ana damu ya 120 kwa 80, na jicho lake lina 16. Tukichukua kipimo cha chini cha damu na kutoa presha ya jicho, tunabaki na 64: njia iko wazi. Mwingine ana damu ileile, ila jicho lake lina 28. Anabaki na 52. Sasa yule wa pili damu yake ikashuka, kipimo cha chini kikawa 55: anabaki na 27 tu. Watafiti wa Baltimore walionyesha mwaka 1995 kuwa watu ambao tofauti hiyo ilikuwa chini ya 30 walikuwa na glakoma mara sita zaidi ya wale ambao tofauti yao ilikuwa 50 au zaidi. Katika kisiwa cha Barbados, ambacho wakazi wake wengi wana asili ya Afrika, watafiti waliwafuatilia watu kwa miaka tisa nao wakakuta kwamba wenye msukumo mdogo wa damu kuelekea jichoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanza glakoma. Hesabu hii si ya kujipimia nyumbani. Tumeiweka ili msomaji aone kwa nini daktari huangalia pande zote mbili.

Tukiunganisha majibu haya mawili, tunapata picha yenye kingo mbili. Presha ya juu ya damu iliyodumu miaka mingi bila tiba huharibu mishipa midogo, pamoja na ile inayolisha jicho. Presha ya damu iliyoshuka kupita kiasi nayo hulinyima jicho damu. Usalama uko katikati, na katikati hiyo si sawa kwa kila mtu.

Saa za usiku

Mtu anapolala, presha ya damu hushuka kwa kawaida, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Ni mapumziko ambayo moyo unayahitaji. Lakini mtu anapolala chali, presha ya jicho hupanda. Mfereji unapungua saa ileile jaruba linapojaa. Kwa mwenye afya hili halina madhara. Kwa mwenye glakoma ambaye damu yake hushuka kupita kiwango hicho, saa hizo zinaweza kuwa ndizo zinazoumiza mshipa wa fahamu. Daktari Sohan Singh Hayreh wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ni miongoni mwa waliolieleza jambo hili kwa kuwapima wagonjwa presha ya damu saa 24 mfululizo, na aliyachapisha matokeo yake mwaka 1994.

Hapa ndipo wakati wa kumeza vidonge unapopata umuhimu. Mgonjwa anayemeza dawa kali za presha ya damu wakati wa kulala anaweza kuongeza mshuko wa usiku. Iwapo ana glakoma inayoendelea kuharibika ilhali presha ya jicho imekwisha kushushwa vizuri, daktari anaweza kutaka kujua anameza vidonge gani na saa ngapi. Atajuaje, kama mgonjwa hakumwambia?

Dawa zinazokutana mwilini

Matone ya macho huonekana kuwa kitu kidogo, na wengi hawayataji wanapoulizwa na mhudumu wa afya dawa wanazotumia. Lakini tone haliishii jichoni. Sehemu yake hupita katika kijimfereji cha machozi hadi puani, na kutoka hapo huingia katika damu. Timololi, mojawapo ya matone yanayotumika sana kutibu glakoma, ni ya ukoo mmoja na vidonge kama propranololi na atenololi vinavyotolewa kwa wagonjwa wa presha na moyo. Matone hayo yanaweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha ya damu. Yanaweza pia kubana kifua cha mwenye pumu kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Mtu anayemeza vidonge vya ukoo huo na kutia matone ya ukoo huohuo anapata dawa ileile kwa njia mbili.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Mwenye pumu, au ambaye moyo wake hupiga polepole, aseme hivyo kabla ya kuandikiwa matone. Anapotia tone, anawe mikono, avute kope ya chini, atie tone moja, afumbe macho, kisha abonyeze taratibu pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika mbili. Hivyo dawa hubaki jichoni isiende puani. Kama ana matone ya aina mbili, aache dakika tano kati ya moja na jingine. Na anayesikia kizunguzungu anapoinuka kitandani amweleze daktari. Inaweza kuwa dalili kwamba damu imeshuka kupita kiasi.

Onyo jingine ni kuhusu matone ya kujinunulia. Katika maduka ya dawa hupatikana matone yenye steroidi, ambayo hutuliza wekundu na muwasho kwa haraka na hivyo hupendwa. Yakitumiwa kwa wiki nyingi bila uangalizi, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma hata kwa kijana. Mzazi anayemtia mtoto matone ya namna hiyo kila macho yanapowasha anaweza kumharibia nuru akidhani anamtunza. Maji ya mitishamba yanayotiwa jichoni nayo hayashushi presha ya jicho, na yanaweza kuunguza kioo chake.

Asiwepo wa kuacha vidonge vyake

Tunaomba neno hili lisomwe kwa uangalifu. Kusema kwamba presha ya damu iliyoshuka mno ni hatari kwa jicho hakumaanishi kwamba mwenye glakoma aache vidonge vya presha. Presha ya damu isiyotibiwa huleta kiharusi, moyo kushindwa na figo kufa. Inaweza pia kupofusha kwa njia nyingine, kwa kuziba mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Anayeacha vidonge ili kuokoa jicho anaweza kupoteza jicho na uhai pamoja. Kinachotakiwa ni mazungumzo: daktari wa presha ajue kuna glakoma, na daktari wa macho ajue kuna presha ya damu. Wao ndio watakaoamua kama kiwango cha dawa au saa ya kuimeza ibadilishwe.

Vilevile vidonge vya presha ya damu havichukui nafasi ya matone. Matone hutumika maisha yote, hata kama mgonjwa haoni nafuu yoyote, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia na si kurudisha. Hili ni gumu kwa mkulima anayesubiri mavuno ili apate fedha ya chupa inayofuata. Hospitali ya KCMC mjini Moshi imefanya utafiti unaoleta tumaini hapa. Wagonjwa 201 wenye glakoma na presha kubwa ya jicho waligawanywa kwa kura: wengine walipewa matone ya timololi, wengine walitibiwa kwa mwanga wa leza unaoelekezwa kwenye vijitundu vya kutolea maji. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopata leza, na asilimia 31 ya macho yaliyopata matone. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Anayeshindwa kumudu matone kila mwezi asinyamaze hadi chupa ikauke. Amweleze daktari na kumwuliza kuhusu leza au upasuaji.

Mfungo na Komunyo

Wapo wanaojiuliza kama yafaa kutumia dawa siku ya mfungo au kabla ya kupokea Ekaristi. Sheria za Kanisa ziko wazi. Kanuni ya 919, inayoagiza kujizuia kula na kunywa kwa saa moja kabla ya Komunyo, imeondoa maji na dawa katika katazo hilo. Matone ya macho si chakula kabisa. Kwa habari ya mfungo wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wajibu wake hauwahusu waliokwisha kutimiza miaka 59, na mgonjwa ambaye kufunga kungemdhuru hafungwi nao. Mzee anayemeza vidonge vya kukojosha maji, akashinda na njaa na kiu katika joto la Usangu, damu yake inaweza kushuka mno. Atafute toba ya namna nyingine kwa ushauri wa paroko wake, na dawa zake asiziguse. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amempa tabibu na dawa mahali pa heshima katika mpango wa Mungu. Kutumia dawa ipasavyo si upungufu wa imani.

Tunaweza kufanya nini katika jumuiya zetu?

Kwanza, kila aliyetimiza miaka 40 akapimwe macho, hata kama anaona vizuri, na aliye na ndugu wa damu mwenye glakoma asikawie. Kipimo kamili kina sehemu tatu: presha ya jicho, kutazamwa kwa mshipa wa fahamu nyuma ya jicho, na upana wa kuona. Mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Wilaya ya Mbarali hapa Rujewa, ambapo mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwenda idara ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Pili, mgonjwa aliyekwisha kugundulika awaambie watoto na wadogo zake. Wengi huficha wakihofia kuonekana kuwa wamelogwa au kwamba ukoo wao una laana. Kuficha huko huwanyima ndugu nafasi ya kupimwa mapema, wakati bado wana kitu cha kulinda.

Tatu, kila mwenye ugonjwa wa muda mrefu awe na daftari au bahasha moja ya dawa zake zote, vidonge na matone, aende nayo kila kliniki. Asiyejua kusoma abebe chupa na maboksi yenyewe. Kijana mmoja katika familia akabidhiwe kazi ya kukumbusha saa za dawa. Tone la asubuhi likiambatanishwa na Sala ya Malaika wa Bwana halitasahaulika kwa wepesi.

Nne, Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, na Wiki ya Glakoma Duniani, mwezi Machi, hukaribiana. Ni nafasi njema kwa WAWATA, UWAKA na jumuiya ndogo ndogo kuwaalika wahudumu wa afya wapime presha ya damu baada ya Misa, na kuwashauri waliovuka miaka 40 wakapimwe macho. Wakati wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, wanajumuiya waulize swali moja zaidi juu ya yale ya kawaida: "Mama, Baba, matone yako bado yapo?" Aliyeishiwa na dawa anahitaji kuchangiwa leo, kwa sababu mchango wa mwaka kesho hautaweza kurudisha nuru aliyoipoteza mwaka huu.